Paka Hakutajwa

Jumamosi, 11 Machi 1995

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Tangu nije Bariadi kusoma, rafiki yangu ni mbwa.

Sisemi kwamba ninampenda tu. Wengi wanapenda mbwa wao, wanawatupia mfupa, basi. Mimi ninaongea naye. Ninamweleza ya shuleni, nani alijibu swali na mimi nilikuwa na jibu lakini sikunyoosha mkono. Ninamsomea jiografia kwa sauti. Husikiliza mpaka kwenye Bonde la Ufa, halafu analala. Ninaongea naye Kisukuma kwa sababu ndiyo lugha anayoijua, alitoka nayo kijijini Kasoli kama mimi. Shangazi Mektilda hataki Kisukuma ndani ya nyumba yake. Anasema hapa ni mjini, watu wasije wakadhani tumekuja jana.

Tumekuja mwaka jana.

Baba ndiye aliyetuleta wote wawili siku moja. Mimi nisome, mbwa alinde, maana mume wa Shangazi yuko Lamadi kwenye biashara ya samaki na nyumba haina mwanaume. Mbwa anaitwa Komando. Anaogopa kuku.

Leo nimemkuta amelala nyuma ya jiko na hakuinuka niliposema mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi. Kila siku huinuka! Nimeshika sikio lake, nikahisi kitu kama punje za maharage. Kupe. Ndani ya masikio, shingoni, katikati ya vidole. Wengine wamevimba mpaka wamekuwa rangi ya kijivu. Nimefungua mdomo wake, ufizi ni mweupe kama chaki.

Nimeng'oa wachache. Unamshika kupe karibu kabisa na ngozi, unavuta taratibu bila kupinda, unamtumbukiza kwenye mafuta ya taa. Sikuwaponda. Nilisoma mahali kwamba usiwaponde kwa vidole. Ila nilitaka sana.

Jumapili, 12 Machi

Baada ya kanisa nimeng'oa tena. Wanazidi!

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini Kasoli hakuwahi kuwa hivi. Jibu ni josho. Siku ya kuogesha, ng'ombe wote walipita kwenye ule mfereji wa dawa, na akishatoka wa mwisho vijana waliwakamata mbwa na kuwatupa ndani, pwaa! Watu walikuwa wanakuja kuangalia hilo tu. Komando ilikuwa lazima asukumwe. Alitoka upande wa pili amekasirika, ananuka dawa wiki nzima, na kupe hana.

Sasa josho la Kasoli ni kavu. Serikali imeacha kuleta dawa, eti kila mtu ajinunulie. Baba anasema mbuzi wanalala mle ndani siku hizi. Na kwa kuwa mbwa siku zote alifuata ng'ombe, hakuna hata mtu mmoja kwetu anayejua kumtibu mbwa peke yake, nyumbani, bila ng'ombe.

Shangazi anajua, kwa maoni yake. "Mpake ile dawa ya wadudu wa pamba. Ipo nusu chupa darini."

Nikamwambia mbwa wa jirani yetu Kristofa alipakwa dawa ya pamba mwaka jana.

"Na kupe wakafa."

"Na mbwa pia, Shangazi."

"Basi kupe walikufa," akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Jumatatu, 13 Machi

Sitaki kuandika ya leo. Ninaandika.

Kipindi cha Kiingereza. Salu anakaa nyuma yangu. Nikasikia amepiga kelele, mwalimu akageuka. "Mwalimu, Milembe ana mdudu!" Kupe alikuwa anatembea kwenye kola ya sweta langu. Mkubwa. Darasa zima lilisimama kuangalia. Mwalimu akaniambia nitoke nikamtupe nje, nikatoka, na niliporudi mlangoni Salu akasema kwa sauti ya chini lakini wote wakasikia: "Karibu, Mama Kupe."

Mpaka saa ya kutoka nilikuwa Mama Kupe. Hata Kidato cha Kwanza wananiita hivyo! Waliokuwa wanakaa karibu nami kwenye benchi wamesogea. Nafasi iliyobaki ingetosha kulaza mtoto.

Mmoja hakucheka. Muzdalifa, anayekaa dirishani. Bado ana hina ya Idi kwenye kucha. Nilipokuwa naangalia chini niliona anajikuna miguu, mguu mmoja kwa kiatu cha mwingine, na miguuni ana vidoadoa vyekundu. Akaona ninaona. Akaficha miguu chini ya dawati.

Jumanne, 14 Machi

Komando hajala ugali. Amekunywa maji tu.

Mama Kupe, Mama Kupe.

Alhamisi, 16 Machi

Nimeingia dukani kwa Mzee Khatibu! Peke yangu!

Ni duka jipya la pembejeo na dawa za mifugo, karibu na stendi. Zamani dawa zilikuwa ofisi ya mifugo tu, unaambiwa hakuna, rudi mwezi ujao. Sasa zipo, zimepangwa kwenye shelfu kama soda. Nilisimama nje mpaka wateja waliisha. Kisha wakaja wengine. Kisha nikaona nikizidi kusubiri Komando atakufa na mimi nimesimama, nikaingia na wateja wakiwemo.

Mzee Khatibu ni mtu mnene, ana kofia, anaongea Kisukuma cha wateja wake vizuri kuliko Shangazi anavyokubali kukiongea. Shikamoo yangu hakuisikia. Ya pili akaisikia. Nikamwambia: mbwa, kupe. Akashusha kopo kubwa la dawa ya kuogeshea. Watu hawawezi kununua kopo zima, kwa hiyo anapima kwa kifuniko, anamimina kwenye chupa ya soda, anaziba kwa gunzi la hindi. Hakuna karatasi, hakuna maandishi. Unaondoka na chupa ya soda yenye kitu cheupe kama maziwa.

"Changanya na maji," akasema.

Nikamuuliza kiasi gani.

"Kwa ng'ombe ninajua. Kwa mbwa…" Akageuza kopo. Limeandikwa Kiingereza. "Wewe si unasoma sekondari? Haya, ada ya baba yako ifanye kazi."

Nikasoma. Kwa sauti! Watu wote wametulia! Ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa, kila mmoja na kipimo chake. Isiingie machoni. Mnyama asiinywe wala kuilamba kabla haijakauka. Mwogeshaji avae mipira ya mikono. Nilitafsiri kila mstari, na Mzee Khatibu akampiga bega mteja mmoja: "Kumbe Kidato cha Pili ni mali!"

Alikuwepo pia Bwana Nyanda, aliyekuwa bwana mifugo wa serikali mpaka walipompunguza. Sasa anazunguka na baiskeli yake na sindano zake mwenyewe. Kuna mtu alimwomba aje amchome ndama aliyelamba sumu, hajui sumu gani. Bwana Nyanda akakataa kuondoka kwanza. "Niletee chupa. Dawa ya kuondoa sumu ninayo, lakini nikichoma kwa kubahatisha, mimi ndiye nitakayemuua." Yule mtu akaondoka mbio kwenda kutafuta chupa.

Nilipotoka niliona pazia la nyuma ya duka limesogea. Kucha zenye hina.

Jumamosi, 18 Machi

Nimemwogesha Komando. Nilivaa mifuko ya nailoni mikononi na kuifunga kwa uzi. Nilipima kama kopo lilivyosema. Ili asilambe, nilimfunga mdomo kwa kitambaa na nikakaa naye juani nimemshika mpaka akakauka. Alinitazama vibaya. Nikamwambia kwa Kisukuma kwamba hili ndilo josho lake, na anisamehe hakuna watu wa kushangilia.

Magunia anayolalia nimeyachoma. Nimefagia nyuma ya jiko mpaka kwenye nyufa za ukuta, nimemwaga maji ya moto. Shangazi akapita: "Ukifagia chumba chako hivyo siku moja nitaita padri aje kushuhudia."

Dawa imebaki nusu chupa. Nimeificha nyuma ya mtungi.

Jumatano, 22 Machi

Kupe wanaanguka wenyewe, wamekauka. Komando amekula ugali wa jana na wa leo. Ameinuka! Nimesema mwangaluka na ameinuka!

Hakuna mtu wa kumwambia. Nikamwambia yeye mwenyewe.

Ijumaa, 24 Machi

Leo nina habari, na si mbaya.

Wakati wa mapumziko nilikuwa nyuma ya maktaba, mahali pangu. Muzdalifa akaja. Akakaa chini, karibu kabisa, akakunja sketi.

"Mbwa wako amepona?"

Nikasema ndiyo.

"Nilikusikia siku ile ukisoma. Baba alituhadithia mpaka chakula cha usiku kikapoa. Milembe, Milembe. Mimi ananiuliza mbona sisomi hivyo."

Nikasema wabeja, yaani asante. Kwa Kisukuma! Akacheka, lakini si kama Salu.

Halafu akanionyesha miguu yake. Viroboto. Ana paka anaitwa Shani, wa rangi ya mchele, analala naye kitandani tangu akiwa mdogo. Shani ana viroboto na sasa godoro lina viroboto. Kwa nini usimwambie baba yako, nikamuuliza, duka zima ni lake.

"Ndiyo maana," akasema. "Muuza dawa ana viroboto ndani! Bibi akijua atasema paka atoke nje. Na Salu akijua? Wewe ni Mama Kupe, mimi nitakuwa nani?"

Tukacheka wote wawili. Sikumbuki mara ya mwisho kucheka na mtu.

Akauliza kama dawa ya mbwa wangu imebaki.

Nikasema ipo.

Jumamosi, 25 Machi

Leo nilikuwa na rafiki tangu adhuhuri mpaka alasiri. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Tulikuwa uani kwao. Baba yake dukani, bibi yake Bimdogo amelala ndani. Tulitoa godoro juani, tukalipiga kwa fimbo, Muzdalifa akiita jina la Salu kila anapopiga. Mkeka tukauanika. Chumba tukakifagia na maji ya moto kila pembe. Haya yote nimeshayazoea.

Kisha tukamwogesha Shani. Nilipunguza dawa kuliko ya Komando kwa kuwa yeye ni mdogo. Alipiga kelele, alimkwaruza Muzdalifa mkono, akaponyoka akiwa amelowa na kupanda juu ya paa la jiko. Akakaa huko. Akaanza kujilamba.

Nikasema asijilambe.

"Mwambie wewe," Muzdalifa akasema, "labda anajua Kisukuma."

Tulicheka tena. Tulijaribu kumwita kwa dagaa. Hakushuka. Muzdalifa akasema paka ndivyo walivyo, wanajisafisha, akikauka atashuka. Tukala maembe kwa chumvi na pilipili. Akaniuliza Kasoli kukoje. Nikamweleza ya josho na mbwa kutupwa, akashika tumbo kwa kucheka. Nilizungumza mimi! Kwa Kiswahili, bila kutafuta maneno!

Nimerudi nyumbani nikisikia njaa. Komando amenipokea getini. Leo sina mengi ya kumwambia, nimeshayasema.

Jumapili, 26 Machi

Ninaandika haraka.

Tulipotoka kanisani nilimkuta Muzdalifa amesimama nje ya ukuta, mbali kidogo, na mtandio wake ameushika kwa meno. Shani anatoka mate. Tangu alfajiri. Anatetemeka, akisimama miguu ya nyuma inaenda upande wake. Bibi Bimdogo anadhani amekula panya mwenye sumu, anampa maziwa kwa kijiko. Maziwa yanatoka.

"Ni ile dawa?" akaniuliza.

Nilijua. Kabla hajamaliza kueleza nilikuwa ninajua. Nilimwona juu ya paa.

Nikasema ni ile dawa.

Nikamwambia tumwite Bwana Nyanda, lakini atataka kujua ni dawa gani, na chupa yetu ni ya soda. Kopo liko dukani. Tukamwambie baba yako.

Akanishika mkono. "Usimwambie. Nakuomba. Atajua nimeingiza dawa nyumbani kwa siri, atajua ya viroboto, atamtupa Shani. Na wewe hatakuacha uje tena kwetu. Milembe, apia."

Neno la mwisho kuhusu mimi, ndilo lililoniingia. Hatakuacha uje tena.

Nikaapa.

Sasa nimekaa nyuma ya jiko. Komando ameweka kichwa juu ya miguu yangu. Sehemu za kupe masikioni zimeanza kuota manyoya.

Ninakumbuka lile kopo, neno kwa neno, nina kichwa cha hivyo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa. Paka hakutajwa. Na nililiona hilo! Ijumaa, pale nyuma ya maktaba, kabla sijasema ipo, nilijiuliza mbona paka hakutajwa. Nikajijibu kwamba kutotajwa si kukatazwa. Nikajijibu haraka sana. Kama Muzdalifa angekuwa Salu, ningejijibu hivyo? Ningesema sijui, ningesema nenda kaulize. Nilitaka anialike kwao kesho yake. Nilitaka kuwa na kitu anachokihitaji.

Komando nilimfunga mdomo. Nilijua kulamba ni nini.

Nikikaa kimya, Shani atakufa na Muzdalifa atakuwa rafiki yangu. Tutamzika pamoja. Nimeliona hilo vizuri sana kichwani, sisi wawili na jembe dogo, na nusu yangu ikafurahi. Ninaandika hili hapa ili nisijifanye sikuliona.

Ninakwenda.

Jumapili hiyohiyo, jioni

Ninaandika nikiwa kwenye ngazi ya nyumba ya Mzee Khatibu, kwenye kurasa za mwisho za daftari la jiografia. Bado kuna mwanga.

Duka lilikuwa limejaa. Watu wametoka kanisani, wamepitia kununua mbegu na kubishana habari za makampuni yatakayonunua pamba mwaka huu. Nikasimama mlangoni. Shikamoo. Hakusikia.

Nikasema: "Mzee, paka wenu amepata sumu."

"Nini? Sema kwa sauti, binti, sikusikii!"

Nikasema kwa sauti. Sijui sauti ilitoka wapi, ilikuwa kubwa kupita kiasi, kama ya mwalimu wa zamu. Nikasema Shani amepakwa dawa ya kuogeshea kwa sababu ya viroboto, amejilamba, anakufa, nimempaka mimi, na Bwana Nyanda anahitaji kuona kopo.

Mama mmoja mwenye kapu: "Hee! Viroboto kwa muuza dawa!" Wakaangua kicheko. Mwanaume mmoja akasema kumbe ndiyo sababu bei imepanda, na dawa za nyumbani kwake tunazilipia sisi.

Mzee Khatibu hakucheka. Alishusha kopo akaliweka mezani mbele yangu. "Soma tena."

Nikasoma.

"Paka yuko wapi?"

"Hakutajwa."

"Kwa hiyo mkadhani inafaa."

"Mimi ndiye niliyedhani. Muzdalifa aliniuliza tu."

Mzee akaangalia zile chupa za soda alizozipanga tayari kwa ajili ya wateja wa leo, zote nyeupe, zote bila maandishi. Akawatoa watu nje, mama mwenye kapu akilalamika kwamba hajarudishiwa chenji yake, akafunga duka. Kopo akalifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. "Nenda nyumbani kwangu. Maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, mwosheni manyoya yote. Maziwa basi. Mimi ninamfuata Nyanda."

Nilikimbia. Muzdalifa alifungua mlango. Aliniona jasho, akaona nimekuja upande wa dukani.

"Umesema."

"Nimesema."

"Kwa baba tu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nikasema watu walikuwepo.

Akafunga mlango. Hakuupiga. Aliufunga taratibu, kama mtu asiyetaka kumwamsha mgonjwa. Nikamwambia mlango yale ya maji ya uvuguvugu na sabuni. Nikayarudia ili nihakikishe. Ndani nilimsikia Bibi Bimdogo akiuliza ni nani, na Muzdalifa akajibu: "Msichana wa shule."

Nimekaa hapa kwenye ngazi. Sijaambiwa niondoke, sijaambiwa nibaki. Baiskeli bado sijaiona barabarani. Kupitia dirishani ninasikia Shani akilia, kilio chembamba, na kila kikinyamaza ninaacha kuandika mpaka kianze tena.

Mlango umefunguka sasa hivi. Muzdalifa ameweka ndoo tupu kwenye ngazi, karibu na mguu wangu. Hakuniangalia. Macho yamevimba, na mikono yake ina povu mpaka viwikoni. Amerudi ndani na mlango ameuacha wazi kidogo.

Nimefunga daftari, nimechukua ndoo, nimekwenda bombani. Kulikuwa na foleni. Nimewaambia watu waliotangulia kwamba nina mgonjwa, wanipishe, na wamenipisha. Nimejaza ndoo. Nimerudi nayo, nimevua viatu, ninaandika mstari huu mlangoni, ninaingia.